Kisiwa cha Curaçao: Lugha Yake na Adabu za Mgeni



Mazungumzo ya jioni hii yanahusu kisiwa kilichoko mbali sana na pwani yetu, katika Bahari ya Karibi, ambacho ramani hukiita Curaçao na wenyeji wake hukiita Kòrsou. Ni kisiwa kidogo, chenye eneo la kilomita za mraba 444, hata Unguja inakizidi zaidi ya mara tatu, nacho kimelala umbali wa kilomita 65 hivi kaskazini ya pwani ya Venezuela, na wakazi wake ni kama laki moja na nusu. Kimo ndani ya Ufalme wa Uholanzi, lakini tangu tarehe 10 Oktoba 2010, lilipovunjwa shirikisho la visiwa lililoitwa Antili za Uholanzi, kinajitawala chenyewe katika mambo yake ya ndani. Jamaa zetu waliohamia Uholanzi wana njia nyepesi ya kukifikia, kwa kuwa ndege huondoka Amsterdam na baada ya saa kumi hivi za kuivuka Atlantiki hutua katika uwanja wa Hato, na msafiri atokaye Dar es Salaam au Nairobi naye aghalabu hupitia njia hiyo hiyo.

Vitabu vingi vya wasafiri vielezavyo habari za kisiwa hiki husifu mchanga wake na maji yake ya samawati kwa kurasa nzima, kisha, mintarafu ya lugha, huandika mstari mmoja tu kwamba mgeni asiwe na wasiwasi kwa kuwa watu wa huko wanajua Kiingereza. Mstari huo una ukweli ndani yake, lakini humdhulumu msafiri na humdhulumu mwenyeji pia, kwani humfanya mgeni aingie katika nyumba ya watu na kukaa barazani siku zote za safari yake, asijue kwamba kuna ua, na jiko, na mazungumzo yanayoendelea huko ndani. Lugha ya ndani ya Curaçao ni Kipapiamentu, na nia yangu jioni hii ni kumshawishi kila mwenye azma ya kwenda huko asifunge sanduku lake kabla hajajifunza maneno machache ya lugha hiyo.

Mtoto wa Willemstad, ambao ndio mji mkuu, hubembelezwa kwa Kipapiamentu, husimuliwa hadithi za buibui Nanzi kwa Kipapiamentu, kisha hupelekwa shule na kukikuta Kiholanzi kikimngoja katika vitabu, na jioni husikia Kihispania kutoka kwa majirani waliotoka Venezuela, Kolombia na Santo Domingo, na Kiingereza kutoka katika muziki na kwa watalii washukao kwenye meli. Akifika utu uzima huwa anahama kutoka lugha moja hadi nyingine bila hata kutanabahi. Mtazame karani wa benki katika mtaa wa Punda akihudumia safu ya watu: mzee wa Kiholanzi humjibu kwa Kiholanzi, mama wa Kivenezuela humjibu kwa Kihispania, Mmarekani mwenye kofia pana humjibu kwa Kiingereza, na kote huko sauti yake ni ya kazi, ya upole na ya kiasi. Kisha humgeukia mwenzake wa dirisha la pili kumwuliza jambo kwa Kipapiamentu, na papo hapo mabega hulegea, mikono huanza kusema pamoja na mdomo, na kicheko hutoka. Mgeni aliyeiona sura hiyo ya pili hahitaji kuambiwa ipi ni lugha ya nafsi yake.

Asili ya lugha hii inahusiana na biashara ya watumwa, na hapana njia ya heshima ya kuieleza bila kulitaja jambo hilo. Waholanzi walikitwaa kisiwa kutoka kwa Wahispania mwaka 1634, na Kampuni yao ya India ya Magharibi ikakigeuza kuwa bohari ya wanadamu, ambako watu waliotekwa katika pwani za Afrika ya Magharibi na maeneo ya Kongo na Angola walishushwa, wakalishwa hata wakapata nguvu kidogo, wakauzwa tena kwa makoloni ya Kihispania ya bara. Waliobaki walitumikishwa katika mashamba na katika majangwa ya chumvi. Kuanzia miaka ya 1650 walifika pia Mayahudi waliokuwa na asili ya Ureno na Hispania, nao walikuja na lugha zao. Katika mkusanyiko huo ndimo kilimokua Kipapiamentu, ambacho msamiati wake mwingi ni wa Kireno na Kihispania, pamoja na sehemu kubwa ya Kiholanzi. Wataalamu hawajaafikiana juu ya chimbuko lake: wako wasemao kwamba msingi wake ni Kihispania, na wako wasemao kwamba mbegu yake ni Kireno cha pwani ya Afrika ya Magharibi na visiwa vya Cape Verde, iliyovuka bahari vinywani mwa watumwa wenyewe. Mwandishi Frank Martinus Arion, mzaliwa wa kisiwa hicho, aliitetea rai hii ya pili katika utafiti wake wa mwaka 1996, na binafsi naiona kuwa ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa sababu mfanano wa sarufi ya Kipapiamentu na ile ya Cape Verde ni mkubwa kupita kiasi cha kuitwa sadfa.

Jambo la ajabu ni kwamba lugha hiyo haikubaki katika vibanda vya watumwa. Waraka wa kale kabisa wa Kipapiamentu ujulikanao hata leo ni barua ya mwaka 1775, aliyoiandika Myahudi wa Curaçao kumpelekea mwanamke aliyekuwa na mapenzi naye, na hiyo ni dalili kwamba lugha ilikwisha kupanda ngazi za majumba ya wenye mali na kuingia katika vyumba vyao vya siri. Waholanzi wa madhehebu ya Kiprotestanti hawakupenda watumwa wao wasali nao pamoja, basi kazi ya kuwahubiri Waafrika ikawaangukia mapadri wa Kikatoliki, ambao katika karne ya 19 walichapisha katekisimu na vitabu vya sala kwa Kipapiamentu. Walakini serikali na shule zilishikilia Kiholanzi, na vizazi kwa vizazi vya watoto vilikaa darasani vikifundishwa kwa lugha isiyozungumzwa nyumbani. Tarehe 30 Mei 1969 mgomo wa wafanyakazi uligeuka kuwa ghasia, sehemu za mji zikateketea kwa moto, na baada ya siku hiyo watu walianza kudai hadhi yao katika siasa, katika ajira na katika lugha. Arion aliianzisha shule yake ya Kolegio Erasmo ambamo watoto wadogo walisomeshwa kwa Kipapiamentu. Mwaka 1986 lugha hiyo ikaingizwa katika shule za msingi kuwa somo. Na mwaka 2007 ikatangazwa kuwa lugha rasmi pamoja na Kiholanzi na Kiingereza. Sisi ambao lugha yetu nayo iliwahi kudharauliwa na wageni kuwa ni mchanganyiko wa maneno ya watu wengine, tunayo sababu ya kuifurahia habari hii kuliko wasafiri wengi.

Sasa na tuiingie lugha yenyewe, kwa kadiri ya haja ya msafiri. Mswahili ataiona kuwa sahali katika matamshi, kwani herufi husomwa kama zilivyoandikwa, na irabu zake nyingi ni zile zile zetu, ila ziongezwe chache zenye alama juu yake. Hali kadhalika kitenzi hakibadiliki umbo; kinachobadilika ni kijineno cha mbele yake. *Mi ta papia* ni nasema, *mi a papia* ni nilisema, *lo mi papia* ni nitasema. Wingi huonyeshwa kwa *nan* mwishoni, hivi kwamba *kas* ni nyumba na *kasnan* ni nyumba nyingi, lakini ukitaja idadi, *nan* huondoka, na nyumba mbili ni *dos kas* tu. Kipapiamentu kina tofauti za kupanda na kushuka kwa sauti ambazo hubagua neno na neno, na hilo sikio la mgeni hulijua kwa kusikiliza, halifundishiki redioni.

Lililo muhimu kuliko sarufi ni salamu. Katika Curaçao, kama kwetu, kuingia dukani, au katika chumba cha kungojea daktari, au ndani ya basi, bila kusalimu, ni ukosefu wa murua, na aanzaye moja kwa moja na haja yake, hata akiisema kwa Kiingereza fasaha, hujibiwa kwa ubaridi kisha akashangaa kwa nini watu wa mahali hapa wana nyuso kavu. Asubuhi sema *bon dia*, baada ya adhuhuri *bon tardi*, na jua likishatua *bon nochi*. Liseme kwa wote waliomo, si kwa mwenye duka peke yake, na wote watakuitikia. Ukitaka kujua hali ya mtu, *kon ta bai?*, ukishukuru, *danki*, na shukrani ikiwa kubwa, *masha danki*, ukiomba, *por fabor*, ukiaga, *ayo*. Usipoelewa, sema *mi no ta komprondé*, na ukiona mwenzako anakwenda mbio katika maneno yake, mwombe aseme *poko-poko*. Bei ya kitu huulizwa *kuantu esaki ta kosta?* Na kwa kuwa lugha hiyo ina neno moja tu la kumwambia mtu mmoja wewe, yaani *bo*, kwa mkubwa na kwa mdogo, heshima ya mtu mzima hubebwa na *señor* na *señora*, basi usiyaache hayo mbele ya wazee. Utamsikia mama muuza chakula akikuita *dushi*, neno litumikalo kwa kitu kitamu na kwa mtu mpendwa vile vile; usidhani ana neno nawe, huo ni ukarimu tu wa kila siku.

Mahali pazuri pa kuyajaribu maneno hayo ni Plasa Bieu, soko la zamani la Punda, ambalo ni banda kubwa lenye majiko ya akina mama upande mmoja na meza ndefu ambazo mgeni na mwenyeji hukaa bega kwa bega wakati wa chakula cha mchana. Hapo utaagiza *kabritu stobá*, nyama ya mbuzi iliyochemshwa polepole hata ikaachana na mfupa, na pembeni yake utawekewa *funchi*, na hapo Mwafrika wa Mashariki hahitaji mkalimani, maana funchi ni unga wa mahindi uliosongwa kwa mwiko, ukakazwa, ukafinyangwa kwa bakuli na kupinduliwa juu ya sahani. Ni ugali, wenye chumvi kidogo na pengine siagi. Uombe pamoja na *giambo*, mchuzi mzito wa bamia wenye kuvutika kama mlenda wetu, uliotiwa samaki na nyama ya chumvi. Waafrika waliotekwa walivuka bahari mikono mitupu, na bado chakula chao kiko mezani baada ya karne tatu na ushei. Chakula hicho kinastahili kuliwa kwa taadhima kuliko chochote kitakachoandaliwa hotelini.

Kutoka Punda utataka kuvuka kwenda Otrobanda, mtaa wa ng'ambo ya pili ya mlango wa bandari uitwao Sint Annabaai, na kivuko ni daraja la mbao lielealo juu ya maboya, lililofunguliwa mara ya kwanza mwaka 1888 na kupewa jina la Malkia Emma wa Uholanzi. Meli inapotaka kuingia, kengele hulia, malango hufungwa, na daraja zima, likisukumwa na injini iliyoko kwenye ncha yake moja, hujigeuza taratibu kama lango la ua mpaka likaegemea ukingoni. Itazame bendera inayopandishwa: ikiwa ya rangi ya chungwa, kungoja ni kwa muda mfupi, ikiwa ya buluu, jambo litachukua muda, basi nenda kapande kile kivuko kidogo wakiitacho *ponchi*, ambacho daraja likiwa wazi huwavusha watu bila malipo. Yasimuliwa kwamba zamani mwenye viatu alitozwa ushuru wa kupita darajani na mwenye kwenda peku alisamehewa, na kwamba wako maskini walioazima viatu ili walipe, wasionekane hohehahe.

Mambo ya matumizi nayataja kwa haraka. Fedha ya kisiwa ni gilda ya Karibi, iliyochukua mahali pa ile gilda ya kale ya Antili tarehe 31 Machi 2025, na dola moja ya Marekani ni sawa na gilda 1.79, dola hupokelewa karibu kila mahali, lakini usikubali kupewa noti za gilda ya kale kwa chenji. Umeme ni wa volti 127, na plagi ni za meno mawili bapa, kwa hiyo pasi ya nyumbani haitafaa. Kisiwa hakina mto, na tangu mwaka 1928 maji ya kunywa hupatikana kwa kuyasafisha maji ya bahari. Ni salama kunywa kutoka bombani, na kununua ya chupa ni kupoteza fedha. Saa za huko ziko nyuma ya zetu kwa saa saba: adhuhuri ya Mombasa ni saa kumi na moja alfajiri ya Willemstad, basi fikiri kabla hujapiga simu. Magari hupita upande wa kulia, jambo ambalo ndugu zetu wa Kongo, Rwanda na Burundi wamelizoea, lakini Mkenya na Mtanzania wachukue hadhari, hasa mvua inaponyesha baada ya kiangazi kirefu na vumbi la barabarani kugeuka utelezi. Ukipanda teksi, patana bei kabla ya kuketi. Mabasi makubwa, wayaitayo *konvoi*, hufika hata vijiji vya magharibi, lakini hayapiti mara kwa mara, na aliyeyakosa jioni huwa na shida.

Upepo wa mashariki huvuma karibu mwaka mzima, nao humfanya mgeni asiyahisi makali ya jua hata ngozi ikaungua. Katika baadhi ya fukwe upo mti uitwao *manzaliña*, wenye tunda dogo la kijani lifananalo na tofaa. Tunda hilo ni sumu, na utomvu wake huchoma, kiasi kwamba asimamaye chini yake wakati wa mvua huweza kupata malengelenge. Wazazi na wawaonyeshe watoto wao mti huo siku ya kwanza.

Fuo zenye kusifiwa zaidi ziko magharibi, na mashuhuri kati yazo ni Kenepa Grandi, ambayo kwa Kiholanzi huitwa Grote Knip. Nakuomba, msikilizaji, kabla hujaingia majini hapo, upande kwanza kwenye ile nyumba kubwa ya shamba iliyo karibu, ambayo sasa ni makumbusho, kwa maana katika shamba hilo la Knip, tarehe 17 Agosti 1795, mtumwa aitwaye Tula na wenzake walikataa kwenda kazini, na uasi wao ukaenea katika mashamba ya magharibi mpaka ukahusisha watu wapatao elfu mbili. Tula alikuwa na habari za Haiti, akajua kwamba Wafaransa wamewaachilia watumwa wao na kwamba Uholanzi yenyewe imeshikwa na Wafaransa, na kwa hoja hiyo akadai kwamba uhuru umekwisha kuwa haki yao; na padri aliyetumwa kumsihi, Tula alimjibu kwamba watu wote wametoka kwa baba mmoja Adamu na mama mmoja Hawa. Aliuawa kwa mateso makali tarehe 3 Oktoba mwaka huo huo, na utumwa haukufutwa ila tarehe 1 Julai 1863. Leo Tula ni shujaa wa taifa, na tarehe 17 Agosti huadhimishwa kila mwaka. Ufuo ule ni wa kuogelea, nami simzuii mtu. Lakini ni aibu kwa Mwafrika kuondoka pale na picha za mchanga peke yake.

Mwisho ni habari ya hati. Viza ya Schengen ni ya Uholanzi ya Ulaya, na visiwa vya Karibi vina viza yake mbali, ambayo huombwa kwa ubalozi wa Uholanzi; wako wenye hati maalumu za ukaazi wa Ulaya au Marekani ambao husamehewa, lakini kauli ni ya ubalozi, si ya wakala wa tiketi. Chukua pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na siku chache kabla ya safari ujaze kwenye intaneti ile kadi ya uhamiaji itakiwayo na serikali ya kisiwa. Majibu ya viza hayaji kwa siku moja, basi mwenye nia na aanze mapema, na majuma hayo ya kungoja ayatumie kujifunza zile salamu tatu na yale maneno machache, ayaseme kwa sauti hata yamkae mdomoni, ili afisa wa Hato atakapoipokea pasi yake awe yeye mgeni ndiye wa kwanza kusema *bon dia*.